Mwenye Pikipiki na Posho ya Petroli: Uingereza Wakati wa Vita, 1939–1945

Habari za vita vikuu vya mwaka 1939 hata 1945 zimekwisha kusimuliwa mara nyingi. Tumesikia habari za majemadari, za manowari na za ndege. Leo twataka kusimulia habari za chombo kidogo, ambacho jina lake katika lugha yetu latokana na mlio wake, nacho ni pikipiki. Wala nia yetu si kusimulia pikipiki za askari, bali za raia wa Uingereza waliobaki kwao: mfua vyuma, mkunga, mkulima na karani. Maana katika habari hizi ndogo mna maswali makubwa mawili. La kwanza: mtu akiwa na mali ambayo hawezi kuitumia, je, mali hiyo ni yake kweli? La pili: kitu kikipungua katika nchi nzima, nani astahili kupewa kwanza?

CHOMBO CHA MTU WA KAZI

Kabla ya vita, wengi waliokuwa na pikipiki katika Uingereza hawakuwa matajiri. Matajiri walikuwa na motokaa. Pikipiki ilikuwa chombo cha mtu wa kazi, aliyekaa mbali na kiwanda chake na kutaka kufika kazini mapema pasipo kungoja gari la abiria. Wengi walifunga ubavuni mwa pikipiki kigari chenye gurudumu moja, mke na mtoto wakakaa humo, na siku ya mapumziko jamaa nzima wakaenda kupunga upepo wa pwani.

Katika mwaka wa 1930 pikipiki zenye leseni zilikuwa zaidi ya 700,000. Baadaye motokaa ndogo zilianza kuuzwa kwa bei nafuu, na hesabu ya pikipiki ikashuka. Lakini hata mwaka 1939 zilikuwa bado kama 400,000. Mji wa Birmingham ulikuwa kitovu cha kazi hiyo, kwa maana ndipo zilipotengenezwa pikipiki za BSA, Norton na Ariel. Triumph zilitoka Coventry, Royal Enfield zilitoka Redditch, na Matchless zilitoka Plumstead, upande mmoja wa London.

Yafaa tujue thamani ya chombo hicho kwa mtu wa kazi. Mwaka 1937 pikipiki mpya ya Triumph iliyoitwa Speed Twin iliuzwa kiasi cha paundi 75. Mwezi wa Oktoba 1938 mshahara wa kadiri wa mwanamume afanyaye kazi ya mikono ulikuwa shilingi 69 kwa juma. Sisi tunaofundisha hesabu twaweza kuwapa wanafunzi swali hili: paundi 1 ilikuwa shilingi 20, basi paundi 75 ni shilingi 1,500, gawanya kwa 69, utapata karibu majuma 22. Maana yake, mtu huyo angetaka kuilipa kwa mara moja ingempasa asile, asivae, wala asilipe kodi ya nyumba kwa muda wa miezi mitano. Ndiyo sababu wengi walinunua kwa kulipa kidogo kidogo, au walinunua mashine kuukuu wakaitengeneza kwa mikono yao wenyewe. Tulikumbuke jambo hili, maana aliyenyimwa pikipiki hakunyimwa mchezo. Alinyimwa jasho lake la siku nyingi.

Mwezi wa Juni 1939 palikuwa na mashindano makubwa katika kisiwa cha Man, kama ilivyokuwa desturi kila mwaka. Aliyeshinda katika mbio kuu alikuwa Mjerumani, Georg Meier, naye alipanda pikipiki ya kwao, BMW. Watu walimtazama na kumpongeza. Miezi mitatu haijatimia, nchi hizo mbili zikawa vitani, na mashindano hayo hayakufanywa tena hata mwaka 1947.

GIZA NA VYETI

Vita vilitangazwa tarehe 3 Septemba 1939, lakini giza lilitangulia. Tangu tarehe 1 Septemba iliamriwa kwamba nuru yo yote isionekane nje wakati wa usiku, ili marubani wa adui wasiongozwe na taa za miji. Madirisha yalifunikwa nguo nzito, na taa za barabarani zikazimwa. Taa ya mbele ya pikipiki ilitiwa kifuniko chenye upenyo mdogo, nuru yake ikaanguka hatua chache tu mbele ya gurudumu. Mabati ya kukinga matope yakapakwa rangi nyeupe, ili wapitao waweze kuona kwamba kuna chombo kinakuja.

Giza hilo liliua watu wengi. Mwaka 1938 watu 6,648 walikufa kwa ajali za barabarani. Mwaka 1941 walikufa 9,169, ijapokuwa vyombo vilivyopita njiani vilikuwa vichache kuliko zamani. Hesabu hiyo haijapata kufikiwa tena katika nchi hiyo tangu mwaka ule. Mwaka 1940 serikali iliamuru kwamba usiku, penye nyumba nyingi, chombo kisipite mwendo wa maili 20 kwa saa. Mwaka huo huo, kwa kuhofia kwamba Wajerumani wangevuka bahari, vibao vya kuonyesha njia viling'olewa, na kila mwenye chombo akaamriwa asikiache pasipo kuondoa kitu katika mitambo yake, ili adui akikikuta asiweze kukiendesha. Basi mtu wa pikipiki alisafiri gizani, katika njia zisizo na alama, na alipofika alitia kipande cha injini mfukoni kama mtu atiavyo ufunguo.

Lakini lililowagusa wote zaidi lilikuwa petroli. Uingereza ilikuwa na makaa ya mawe tele, bali mafuta karibu yote yaliletwa kwa meli kutoka ng'ambo, na manowari za Kijerumani ziendazo chini ya maji zilizivizia meli hizo baharini. Kwa hiyo mwezi wa Septemba 1939 serikali ilianza kugawa petroli kwa vyeti. Makampuni ya mafuta yaliacha kuuza kwa majina yao; petroli yote ilichanganywa ikauzwa kwa jina moja la Pool. Haikuwa petroli nzuri, na injini zenye nguvu ziligonga-gonga zilipoinywa. Kila mwenye chombo alipata posho ya mwezi, iliyopimwa kwa ukubwa wa injini yake. Aliyekuwa na safari za lazima aliomba nyongeza.

Hapo pikipiki ilionekana kuwa na faida. Galoni moja ya petroli iliipeleka mbali kuliko motokaa, na watu wengine walioweka motokaa zao bandani walianza kutafuta pikipiki. Lakini kupata pikipiki hakukuwa rahisi, kama tutakavyoona.

MASHINE ZAKWENDA JESHINI

Tangu vita vilipoanza, jeshi lilihitaji pikipiki kwa kazi ya utarishi. Waya za simu zilipokatika, tarishi wa pikipiki ndiye aliyepeleka amri kutoka kikosi hata kikosi. Ndiye pia aliyeongoza malori mengi yaliyofuatana njiani. Serikali ilizichukua mashine zilizokuwamo katika maduka, na nyingine zilizokuwa mikononi mwa raia. Hazikuchukuliwa bure. Mwaka 1939 Bunge lilitunga sheria ya fidia, na mwenye mali iliyochukuliwa alistahili kulipwa.

Mwezi wa Mei na Juni 1940 jeshi la Waingereza lililokuwa katika Ufaransa lilisukumwa mpaka pwani ya Dunkirk, likaokolewa kwa meli. Watu wengi waliokoka, lakini vyombo vyao vilibaki nyuma. Katika vyombo vilivyoachwa Ufaransa mlikuwa na pikipiki zaidi ya 20,000. Basi jeshi lilikuwa karibu tupu, na viwanda vikatakiwa kufanya kazi mchana na usiku ili kulijaza tena.

Adui naye alijua viwanda hivyo viko wapi. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani zilipiga mji wa Coventry, watu zaidi ya 500 wakafa, na kiwanda cha Triumph kikaharibika kabisa. Baadaye kilijengwa kingine nje ya mji, mahali paitwapo Meriden. Siku tano baadaye, tarehe 19 Novemba, bomu lilianguka juu ya kiwanda cha BSA katika Birmingham, na watu 53 waliokuwa kazini wakafa. Hawa hawakuwa askari. Walikuwa watu wa mishahara ya juma, na bila shaka baadhi yao walizoea kufika mlangoni pa kiwanda kwa pikipiki walizozitengeneza wenyewe.

Hata hivyo kazi haikukoma. BSA walitengeneza mashine za aina ya M20 zaidi ya 120,000 kwa ajili ya majeshi. Norton na Matchless nao walitengeneza maelfu kwa maelfu. Ukikusanya za viwanda vyote, pikipiki zilizotengenezwa kwa ajili ya vita zilipita 400,000. Tazameni jambo hili: hesabu hiyo ni karibu sawa na pikipiki zote zilizokuwa na leseni mwaka 1939. Nchi haikuwa na upungufu wa kutengeneza pikipiki. Ilizitengeneza kwa wingi mno. Lakini mlango wa kiwanda ulielekea jeshini, na raia aliyekwenda dukani hakukuta mashine mpya.

Hapa ndipo penye uchungu wa yule aliyechukuliwa mashine yake. Alilipwa fedha, na hesabu yake ilikuwa halali. Lakini fedha haina mwendo. Aliyepokea paundi zake mkononi hakuweza kununua nyingine kwa paundi hizo, kwa sababu hazikuwako za kuuzwa. Na kiwanda alichofanya kazi kilikuwa mbali vile vile kama zamani. Sheria iliweza kumrudishia thamani ya chombo, isiweze kumrudishia njia yake.

MPIRA NA MWISHO WA POSHO

Mwezi wa Februari 1942 Wajapani waliuteka mji wa Singapore, na mashamba makubwa ya mpira ya Malaya yakawa mikononi mwao. Tangu hapo tairi likawa adimu kama petroli. Habari hii ilifika hata huku kwetu Afrika ya Mashariki. Katika Tanganyika mashamba ya kale ya mpira, yaliyopandwa zamani za utawala wa Wajerumani na kuachwa msituni bei ilipoanguka, yalifufuliwa, na watu wakapelekwa kugema, wengine kwa kulazimishwa. Hivyo mtu wa Birmingham aliyetazama tairi lake lililokwisha, na mgemaji wa Tanganyika aliyeamka alfajiri na kisu chake, walikuwa katika habari moja, ijapokuwa hakuna hata mmoja wao aliyemjua mwenziwe.

Mwaka huo huo meli za mafuta zilizamishwa kwa wingi katika bahari ya Atlantiki, hasa karibu na pwani ya Marekani. Basi serikali ya Uingereza ilikata shauri. Tangu tarehe 1 Julai 1942 posho ya kila mtu ilikomeshwa. Petroli haikutolewa tena kwa sababu mtu ana chombo, bali kwa sababu ana kazi isiyoweza kufanyika pasipo chombo. Aliyetaka vyeti ilimpasa kueleza kazi yake, mwendo wa safari yake, na kwa nini hawezi kwenda kwa gari la abiria, kwa baisikeli au kwa miguu. Na polisi aliweza kumsimamisha njiani na kumwuliza atokako na aendako.

Maelfu ya pikipiki zikaingia mabandani. Mwenye busara alitia mafuta mazito ndani ya silinda isishike kutu, akapaka grisi vyuma ving'aavyo, akaiinua juu ya magogo ili uzito usiharibu tairi, akaifunika gunia. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini chuma na mpira huoza, na ilimpasa mtu kuikagua mara kwa mara mashine asiyoweza kuipanda. Pikipiki ilikuwa bado yake. Kitabu cha leseni kilikuwa na jina lake. Hakuna aliyemnyang'anya. Lakini kilichoifanya kuwa pikipiki, yaani kwenda, kilikuwa kimeondoka.

NANI ALIPEWA?

Sasa tulitazame swali letu la pili. Waliopewa petroli walikuwa hasa watu wa kazi zisizongoja: waganga, wakunga, wakulima, na wafanyakazi wa viwanda vya silaha waliokaa mahali pasipo na gari la abiria. Wakunga na wauguzi wa mashambani walipenda sana chombo kidogo kilichokuwa kama baisikeli, chenye injini ya sentimita za ujazo 98 iliyotengenezwa na kiwanda cha Villiers cha Wolverhampton. Kilikuwa na miguu ya kukanyaga kama baisikeli, na galoni moja ilikipeleka zaidi ya maili 100. Mtoto hachagui saa ya kuzaliwa, wala hangoji mabomu yaishe. Kwa hiyo muuguzi juu ya chombo hicho dhaifu, katika giza lile, alistahili kila tone alilopewa.

Wako na wengine. Watu wa jeshi la mgambo, lililoanzishwa mwezi wa Mei 1940, walitumia pikipiki zao wenyewe kupeleka habari. Wanawake waliojiunga na jeshi la manowari walifanya kazi ya utarishi kwa pikipiki, hata katika usiku wa mabomu, njia zikiwa zimejaa vioo na mawe. Watu waliokuwa wakisema kabla ya vita kwamba pikipiki si chombo cha mwanamke walinyamaza.

Je, mgawo huo ulikuwa wa haki? Tukitaka kusema kweli, hatuna budi kusema pande zote mbili. Kwa upande mmoja ulikuwa wa haki kuliko njia ya soko. Kama petroli ingeachwa kwa mwenye fedha, bei ingalipanda, na tajiri angalikwenda matembezini wakati mkunga akienda kwa miguu. Cheti hakikuuliza mfuko wa mtu; kiliuliza kazi yake. Kwa upande mwingine, kazi ya mtu hupimwa na karani aliyeketi mezani, naye haoni kila kilima wala kila mvua. Na palipo na cheti pana hila. Watu waliuza petroli kwa siri, na wengine waliiiba. Hila hizo ziliendelea hata baada ya vita, hata mwaka 1948 petroli ya malori ya biashara ikatiwa rangi nyekundu, ili ikionekana katika tangi la mtu binafsi ajulikane kuwa amevunja sheria.

AMANI ISIYOLETA PETROLI

Vita vya Ulaya viliisha tarehe 8 Mei 1945, na tangu tarehe 1 Juni posho ya kila mtu ilirudishwa, ingawa ilikuwa ndogo. Magunia yakafunuliwa, magogo yakaondolewa, na milio iliyonyamaza miaka mitatu ikasikika tena vijijini. Wasiokuwa na mashine walinunua zile kuukuu za jeshi, zilizouzwa na serikali. Walizipaka rangi nyeusi juu ya rangi ya askari, na M20 iliyopeleka amri za vita ikapeleka sasa mtu na chakula chake kazini, pengine na kigari ubavuni kama zamani.

Lakini aliyetaka mpya alingoja bado. Nchi ilikuwa imetumia mali yake vitani, nayo ilihitaji kuuza bidhaa ng'ambo ili ipate fedha ya kununulia chakula na mafuta. Pikipiki mpya nyingi zikapakiwa melini, na mtu aliyezitengeneza akazitazama zikiondoka. Mwaka 1947 dola zilipopungua, posho ya petroli ilikomeshwa tena. Ikarudishwa mwezi wa Juni 1948. Na vyeti vyenyewe havikuondolewa kabisa hata tarehe 26 Mei 1950. Vita vilichukua miaka sita, bali vyeti vya petroli vilidumu miaka kumi na miezi minane. Tusidhani, basi, kwamba siku mizinga inyamazapo ndiyo siku vita viishapo nyumbani mwa mtu.

TUNAJIFUNZA NINI?

Tulianza kwa kuuliza kama mali isiyoweza kutumiwa ni mali ya mtu kweli. Habari hizi zatuonyesha kwamba hakuna chombo kilicho cha mtu mmoja peke yake. Yule mfua vyuma alidhani kwamba pikipiki ni yake kwa kuwa aliilipa kwa majuma 22 ya jasho, na kwa sheria alidhani sawa. Lakini ili iende ilimhitaji baharia wa meli ya mafuta, na mgemaji wa mpira, na fundi aliyekufa kiwandani tarehe 19 Novemba, na aliyepasua mawe ya barabara. Siku ya amani watu hawa hawaonekani, na mwenye chombo hujiona anajitegemea. Siku ya vita walipoondolewa mmoja mmoja, ndipo alipojua idadi yao.

Kwa hiyo twawaomba walimu wawaulize wanafunzi wao swali jepesi. Itazameni baisikeli iliyoegemezwa nje ya darasa. Hesabuni watu wote ambao wakiacha kazi leo, baisikeli hiyo itasimama. Waandikeni katika daftari, mwanzo hata mwisho, na msisahau aliyegema mpira. Tunadhani ukurasa mmoja hautatosha.